Mtoto aliyezaliwa amechoka

Mtoto akitoka kimya, analegea mikononi mwa mkunga, wauguzi wa Tanzania husema amezaliwa amechoka. Napenda neno hilo kwa sababu aliyechoka bado yupo. Kwa bahati mbaya, kwa miaka mingi baadhi ya watoto hao waliandikwa kwenye daftari la leba kwa neno jingine: mfu.

Zamani hata hospitali za Ulaya na Marekani hazikuwa na utaratibu wa maana. Mtoto asiyelia alining'inizwa kwa miguu, akachapwa makalio, akamwagiwa maji baridi. Macho ya madaktari yalikuwa kwa mama. Aliyeyageuza ni Dkt. Virginia Apgar, bingwa wa dawa za usingizi huko New York, aliyetangaza mwaka 1952 kipimo chake cha mambo matano: mapigo ya moyo, pumzi, ukakamavu wa viungo, mwitikio wa mtoto anaposhtuliwa, na rangi ya ngozi. Kila jambo lilipewa alama 0 hadi 2. Tangu hapo ilibidi mtu amwangalie mtoto kwa makini dakika moja tu baada ya kuzaliwa.

Chombo nacho kilifuata. Mwaka 1956, mhandisi Holger Hesse na daktari Mdenmaki Henning Ruben walitoa mfuko wa kupumulishia unaojijaza hewa wenyewe, maarufu kwa jina la Ambu. Ukiubonyeza unasukuma hewa, ukiuachia unajaa tena, bila mtungi wa oksijeni. Zahanati isiyo na umeme ingeweza kuutumia. Lakini mfuko uliofungiwa kabatini haumsaidii mtoto, na mafunzo ya kuutumia yalichukua miaka mingi mno kumfikia mkunga aliye peke yake zamu ya usiku.

Mwaka 2010 Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani na washirika wake walizindua mafunzo yaliyolenga mazingira hayo hasa, kiini chake kikiwa Dakika ya Dhahabu. Dakika ya Apgar ilikuwa ya kutoa alama. Hii inataka hewa iwe imeshaanza kuingia kabla haijaisha. Mkunga anamkausha mtoto kwa khanga, anamsugua mgongo, anasikiliza. Halii? Anamlaza chali, shingo isikunjwe wala isivutwe sana nyuma, anaweka kinyago kifunike kidevu, mdomo na pua, macho yabaki wazi. Anabonyeza mara 40 kwa dakika huku akikitazama kifua. Kisipoinuka, huenda hewa inavujia pembeni.

Tanzania iliyajaribu mafunzo hayo katika hospitali 8. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya watoto ndani ya saa 24 vimepungua kwa asilimia 47. Takwimu inayonigusa zaidi ni ya pili: watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu, wakidhaniwa wamefariki muda mfupi tu kabla ya kuzaliwa, walipungua kwa asilimia 24. Mafunzo hayo hayamfufui aliyekufa. Maana yake baadhi ya watoto hao walikuwa hai, mioyo ikipiga, ila hakuna aliyewapa pumzi.

Huko Haydom, mkoani Manyara, watafiti walisimama leba na saa mikononi. Waligundua kwamba kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpumulisha mtoto ziliongeza hatari ya kifo kwa asilimia 16. Waligundua pia jambo lililowasumbua: baada ya mafunzo ya siku moja wauguzi walifanya vizuri kwenye mwanasesere wa mazoezi, lakini kwa watoto halisi mwenendo haukubadilika. Ndipo wakaleta mazoezi mafupi, dakika 3 hadi 5 kila wiki, palepale wodini. Vifo vya siku ya kwanza vikashuka kutoka 11.1 hadi 7.2 kwa kila watoto 1,000.

Mwanasesere huyo alitengenezwa na Laerdal ya Norway, kampuni iliyoanza kwa vitabu na vichezeo vya watoto. Anajazwa maji ya uvuguvugu ili awe na uzito wa kichanga, na mkufunzi akibonyeza kipira kidogo, kitovu kinapiga. Muuguzi anayepokea zamu humkuta mezani kando ya mfuko na kinyago. Anamshika kichwa, anaweka kinyago, anaanza kubonyeza, na macho yake hayatoki kifuani.