Karamu ya Halali Hangzhou

Msafiri wa Haneti, aliyezoea hewa ya vilima vya Chenene, akitaka juma la utulivu Uchina na chakula cha halali, ana mtangulizi wa kale. Ni msafiri Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331. Katika simulizi yake ya safari za Uchina, miaka ya 1340, anaitaja Khansa, yaani Hangzhou.

Huko, anasimulia, amiri Qurtay aliita wapishi Waislamu wachinje na kupika. Kisha mwanawe akawatembeza wageni mferejini kwa mashua. Waimbaji wakaimba Kichina, Kiarabu na Kiajemi, na watu wa mashua nyingine wakarushiana machungwa na ndimu.

Katika Hangzhou ya leo, Msikiti wa Fenghuang ungalipo. Ziwa la Magharibi la mji huo, lililozungukwa na vilima pande tatu, liliingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2011.