Masizi, Gundi na Kompyuta: Habari ya Wino wa Wachora Hadithi

Napenda leo kuzungumza nanyi, ndugu wasomaji, juu ya wino. Mola wetu ameapa kwa kalamu mwanzoni mwa Suratul Qalam, na kalamu bila ya wino ni kijiti tu.

Lililonitia katika mazungumzo haya ni kijana mmoja wa mtaani kwetu niliyemsomesha tangu Juzuu Amma. Sasa ni mtu mzima mwenye watoto, na riziki yake aipata kwa kuchora hadithi za picha kwa kompyuta. Siku moja alinijia baada ya Laasiri, akaniamkia, akasema: "Maalim, ule wino mliokuwa mkiandikia mbao chuoni ulitengenezwaje?" Nikamwuliza, "Wautakia nini, mwanangu, na hiyo mashine yako ina rangi zote?" Akanijibu kwamba picha zake zote zimekuwa na sura moja, na kila mstari aweza kuufuta mara mia, hata hajui tena upi ni wake. Alitaka kujaribu karatasi. Nikamwambia: masizi na gundi. Akauliza, "Kiasi gani, Maalim?"

Nikanyamaza. Nilikaa miaka kando ya mwalimu wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, nikimwona akikoroga, wala sikupata hata siku moja kumwuliza kipimo. Wino wa zafarani wa kuandikia kombe naujua, lakini huo huandikwa ili uoshwe.

Nitangulize neno moja. Hukumu ya kuchora viumbe wenye roho ina mazungumzo marefu ya wanavyuoni, na mwenye kuitaka aende akasome kwa shekhe wake. Hapa nazungumza juu ya ala na historia yake.

Alilolifanya kijana yule si geni katika kazi yake. Mwaka 1985 huko Marekani ilitolewa hadithi ya picha iitwayo Shatter, iliyochorwa na Mike Saenz kwa kompyuta ya Macintosh, na ikahesabiwa miongoni mwa za kwanza za namna hiyo. Kioo cha mashine ile kilikuwa na nukta 512 kwa 342 tu, nyeusi na nyeupe, na mchoraji akisukuma kipanya badala ya kushika kalamu. Picha zikapigwa chapa kwa mashine ya nukta, kisha rangi zikatiwa kwa mkono kama desturi ya zamani. Baada ya Saenz kuondoka, wachoraji waliomfuatia walichora kwanza kwa mkono juu ya karatasi, ndipo picha zikaingizwa katika kompyuta. Basi tangu mwanzo kabisa mashine haikuweza kuuacha mkono. Mwaka 1990 ikaja programu ya Photoshop, na kazi ya kompyuta ikaenea kote. Lakini mwaka 2017 kampuni hiyo hiyo ya Adobe ilinunua brashi za mchoraji Kyle T. Webster, ambazo si brashi za manyoya, bali ni hesabu za kompyuta zinazoigiza manyoya, wino na makwaruzo ya karatasi. Mashine iliyokuja kuiondoa brashi sasa yauza kivuli cha brashi!

Kabla ya hapo wachora hadithi walikuwa na nibu ya chuma, brashi ya manyoya na chupa ya wino mweusi. Walichora kwanza kwa penseli ya rangi ya buluu hafifu, kwa kuwa kamera ya kiwanda cha chapa haikuiona, kisha wakapitisha wino juu yake. Wazee wenzangu waliokuwa wakisoma Taifa Leo wataikumbuka Juha Kalulu ya Edward Gitau. Na wino ule mweusi ni nini? Ni masizi. Wachina waliyachanganya na gundi ya ngozi wakayakausha kuwa vijiti. Waislamu waliyachanganya na gundi ya mti wa mgunga, ile itokayo Sudani hata leo.

Na hapa, ndugu zangu, ndipo penye utajiri wetu. Waandishi wa Kiislamu walikuwa na namna mbili za wino: mmoja wa masizi, na mwingine wa vifundo vya mti wa mwaloni uliotiwa chumvi ya chuma. Huu wa pili hula karatasi ukizidi ukali. Kiko kitabu, Umdatul Kuttab, kinachonasibishwa na Muizz bin Badis, mtawala wa Ifriqiya aliyefariki mwaka 1062, chenye habari za kalamu, wino na karatasi. Yaani mfalme hakuona haya kuhusishwa na kidau cha wino. Ndani ya kidau walitia nyuzi za hariri, ili kalamu isichote kupita kiasi. Na huko Istanbul, katika msikiti wa Suleymaniye uliokamilika mwaka 1557, husimuliwa kwamba fundi Sinan alipanga njia za hewa ili moshi wa taa ukusanyike katika chumba kimoja juu ya mlango, na masizi yake yakachukuliwa kufanyiwa wino.

Lililonishangaza zaidi ni habari ya kufuta. Mimi nilikuwa nikidhani kwamba aandikaye kwa wino hana njia ya kurudi nyuma. Sivyo. Mafundi wa Kituruki waliipaka karatasi wanga, au ute wa yai uliotiwa shabu, kisha wakaisugua kwa jiwe la akiki mpaka iteleze. Wino wa masizi ukakaa juu yake bila kuzama, na aliyekosea aliulowesha akaufuta, wengine kwa ulimi. Ndiyo maana Waturuki humwita msomi "aliyelamba wino". Nilipomweleza kijana haya alicheka sana, akasema kumbe wao nao walikuwa na kifutio. Nikamwambia ndiyo, mwanangu, lakini walikionja.

Wala kuweka hadithi na picha pamoja si jambo la Wazungu peke yao. Mwaka 1237 Yahya bin Mahmud al-Wasiti alimaliza nakala ya Maqamat ya al-Hariri wa Basra, visa vya Abu Zayd, yule mjanja wa maneno. Aliandika maandishi na kuchora picha 99 kwa mkono wake mwenyewe: misafara, misikiti, soko, kadhi na washitaki wake. Nakala hiyo imehifadhiwa Paris. Kheri imehifadhiwa, ingawa nasikitika ni mbali na macho ya watoto wetu.

Nasi hapa pwani hatukuwa watupu. Huko Siyu, katika kisiwa cha Pate, palikuwa na mafundi walionakili misahafu kwa mkono na kuipamba, hasa karne ya 18 na ya 19. Karatasi ilikuja kwa bahari, na ukizielekeza kurasa kwenye mwanga waona alama za viwanda vya Ulaya. Lakini mkono ulikuwa wa hapa. Misahafu hiyo mingine imo katika makumbusho, na mingine imo ndani ya masanduku ya nyumba zetu, ikiliwa na mchwa.

Basi tukajaribu, mzee na kijana. Tulifunika sahani juu ya koroboi siku tatu, tukakusanya masizi kwa unyoya. Safari ya kwanza gundi ilikuwa chache: picha ikakauka, na kidole kikaifuta. Safari ya pili ikazidi, mistari ikapasuka kama udongo wa kiangazi. Karatasi ya dukani nayo ikanywa wino ukatambaa. Mke wangu ndiye aliyetukumbusha kupika uji mwembamba wa wanga. Tukapaka, tukaanika, tukasugua kwa kete mpaka karatasi ikang'aa.

Juu ya hiyo, kijana alichora kurasa nne kwa kalamu ya tete niliyomchongea: kisa cha nahodha aliyechelewa msimu. Katika ukurasa wa pili mkono ulimtetemeka, na tanga likatoka zito upande mmoja. Nilidhani atalifuta kwa kidole chenye maji. Aliliangalia kwa muda, kisha akaongeza mawimbi upande ule ule. Siku ya pili yake alizipiga picha kurasa zote akaziingiza katika kompyuta yake, maana ndiko aliko mnunuzi wake.

Kipimo cha safari ya tatu nimekiandika katika jalada la kitabu changu cha fiqhi: kijiko kimoja cha masizi kwa viwili vya gundi iliyolowekwa usiku kucha. Bado si wino wa mwalimu wangu. Wake ulikuwa mweusi zaidi.