Taarikhi ya Maua Yasiyonyauka

Katika miji ya mwambao wetu, toka Lamu hata Kilwa, ua lilikuwa haki ya pua kabla ya kuwa haki ya macho: asumini ilitungwa vikuba, waridi likatolewa marashi, mkadi ukawekwa baina ya nguo sandukuni; na ukumbi uliotaka kupambwa ulipambwa kwa sahani za kauri zilizopangwa katika vidaka vya ukutani. Kwa hiyo ua lisilonukia, ambalo leo limestakiri juu ya kabati la vyombo au ubavuni mwa televisheni katika sebule nyingi za Mombasa na Dar es Salaam, halikurithiwa kwa mabibi zetu. Lina nasaba nyingine, nayo ni nasaba yenye machungu kuliko inavyodhaniwa na anayelifuta vumbi.

Wachina walifanya maua ya hariri tangu zama za kale. Lakini huko Ulaya, katika karne ya 19, sifa yote ilikuwa ya Paris. Kitambaa kilitiwa wanga, kikapangwa tabaka juu ya tabaka, kikakatwa kwa chuma chenye makali ya umbo la petali. Kisha kila petali ikatiwa rangi, ikakandamizwa kwa chuma cha moto chenye kichwa cha mviringo mpaka ikapinda kana kwamba ina uhai, na mwisho zote zikafungwa katika kikonyo cha waya. Aghalabu kazi hii ilikuwa ya wanawake na wasichana, na mmoja aliweza kukaa mwaka mzima akifanya majani tu, asiguse ua.

Majani hayo ndiyo yaliyoleta balaa. Mwaka 1775 mkemia Carl Wilhelm Scheele, huko Sweden, alivumbua rangi ya kijani iliyochanganywa shaba na aseniki, na baadaye ikatoka nyingine ya ukoo huo huo iliyong'aa zaidi. Watu wakaipenda kijani hiyo katika nguo, katika karatasi za ukutani, na zaidi katika majani ya maua ya bandia, ambayo wafanyakazi waliyanyunyizia unga wake wakiwa wameinama juu ya meza, wakiuvuta puani na kuula pamoja na mkate wao. Mwezi Novemba 1861 alifariki London binti wa miaka 19, Matilda Scheurer, ambaye kazi yake ilikuwa hiyo hiyo ya kunyunyizia majani. Alitapika maji ya kijani, weupe wa macho yake ukageuka kijani, na kabla hajakata roho alisema kwamba kila alichokitazama kilikuwa cha kijani. Mwaka uliofuata mkemia A. W. Hofmann, katika makala aliyoichapisha kwenye gazeti la The Times, alieleza kwamba taji moja la maua ya kuvaliwa kichwani lilikuwa na aseniki ya kutosha kuwaua watu ishirini. Sina budi kusema kwamba hofu iliyozuka iliwahusu wavaaji zaidi kuliko watengenezaji.

Ua la plastiki, ambalo ndilo letu, ni la juzi tu. Li Ka-shing, aliyekimbilia Hong Kong pamoja na wazazi wake wakati wa vita na kuacha masomo angali mdogo, alifungua kiwanda cha plastiki mwaka 1950. Miaka michache baadaye akasoma katika jarida moja habari za maua ya plastiki ya Italia, akasafiri kwenda kuitazama kazi hiyo kwa macho yake, na aliporudi akaifanya yeye mwenyewe, hata akapewa lakabu ya mfalme wa maua ya plastiki. Mashine ilijua kumimina petali katika kalibu. Kuzipachika petali hizo katika kikonyo haikujua. Kazi hiyo ikapelekwa majumbani, katika vyumba vyembamba vya majengo ya wakimbizi, ambamo mama, bibi na watoto waliotoka shule walikaa mpaka usiku wakipachika maua, wakalipwa ujira mdogo kwa hesabu ya waliyoyamaliza. Mwezi Mei 1967 mzozo wa wafanyakazi katika kiwanda kimoja cha maua ya bandia, mtaani San Po Kong, uligeuka fujo iliyoutikisa mji mzima kwa miezi kadhaa, na watu 51 wakapoteza maisha. Bei ya ardhi ikaanguka. Li, ambaye faida ya maua ilikuwa imekwisha kumtajirisha, akainunua, na leo jina lake hutajwa kwa majumba na bandari kuliko kwa mawaridi.

Baada ya China kufungua milango yake mwishoni mwa miaka ya 1970, viwanda vilihamia Guangdong, ambako ujira ulikuwa hafifu zaidi, na huko ndiko yanakotoka mengi ya maua yanayofunguliwa katika maboksi Kariakoo. Plastiki imepungua, kitambaa cha poliesta kimerudi, aseniki imekwisha. Ila shina linapotaka kuvishwa majani na petali zake, hata sasa kazi hiyo kwa kiasi kikubwa hufanywa kwa mkono.