Rangi Kabla ya Gundi au Baada Yake

Modeli za ndege na meli za kuundwa nyumbani zilianza kwa mbao, na mbao haikumpa fundi shida ya kuamua lini apake rangi. Chombo kilichongwa, kikapigwa msasa, rangi ikaja mwisho. Mwaka 1942 Jeshi la Majini la Marekani liliomba wanafunzi wa shule wachonge ndege 500,000 za kipimo cha 1:72, za kuwafundishia askari kutofautisha ndege za kwao na za adui. Zilipakwa nyeusi tupu, kwa kuwa kilichotakiwa kilikuwa umbo tu.

Swali lililetwa na plastiki. Uingereza ilikuwa na ndege za Frog Penguin, zilizouzwa kwa vipande tangu 1936, lakini biashara ilikua baada ya vita, polistirini iliposhika soko. Kampuni ya Airfix ilitoa modeli ya trekta la Ferguson mwaka 1949, na mwaka 1952 meli ya Golden Hind, ambayo maduka ya Woolworths yaliiuza kwa shilingi mbili. Gundi ya polistirini kwa kweli ni kiyeyushi: hulainisha nyuso mbili za plastiki hadi zikaungana kuwa kitu kimoja. Rangi ikitangulia pale penye kiungo, gundi huishia kuyeyusha rangi, na kiungo huachia. Gundi ikitangulia, chumba cha rubani hufungwa ndani ya kiwiliwili na brashi haikifikii tena.

Watoto wengi walipaka vipande vikiwa bado kwenye fremu yake. Njia hiyo ni rahisi kushika mkononi, ila kila kipande kikikatwa huacha kovu lisilo na rangi, na ufa wa kiungo ukizibwa na kupigwa msasa, rangi ya pembeni huondoka nao. Kazi ikaja kugawanywa kwa mafungu. Vya ndani vilipakwa kwanza, nyuso za kuungana zikikwanguliwa hadi plastiki ionekane; kisha kiwiliwili kiliunganishwa, kikazibwa nyufa na kupakwa; magurudumu na panga za injini zilipakwa kando na kubandikwa mwishoni. Utaratibu huu ulidai subira, maana rangi ya mafuta, kama ile ya vikopo vya Humbrol kutoka Hull, haikukauka upesi.

Bomba la kupulizia rangi lilipofika kwenye meza za waundaji, mizani iliegemea upande wa kuunganisha kwanza, kwani ukungu wa rangi hutua juu ya chombo kizima kwa usawa. Waundaji wa vifaru walinufaika zaidi. Mbelgiji François Verlinden alieneza mtindo wa kupitisha rangi nyembamba kwenye mifereji na kusugua kingo kwa brashi karibu kavu, kazi inayotaka chombo kilichokwisha kusimama.

Viwanda navyo vilijaribu kuliondoa swali lenyewe. Katika miaka ya 1970 Matchbox walitoa vipande vya rangi mbili au tatu ndani ya boksi moja, matokeo yakivutia zaidi dukani kuliko kwenye rafu. Bandai wa Japani walifika mbali zaidi. Roboti zao za Gundam za mwaka 1980 bado zilitaka gundi na brashi. Matoleo yaliyofuata yalikuja na rangi ndani ya plastiki yenyewe na vipande vya kubana kwa vidole, hata mwundaji akabaki na kazi ya kuchora mistari ya wino kwenye viungo, roboti ikiwa imekwisha simama.