Watelezaji mbele ya Lango la Mtakatifu George

Mchoro wa kalamu na wino wa Pieter Bruegel Mzee (aliyefariki 1569), wa mnamo 1558, unaoonyesha majira ya baridi mjini Antwerp, katika Ubelgiji ya leo. Maji ya handaki la ngome yameganda. Watu wanateleza juu ya barafu, wengine wako ukingoni wakijifunga vyuma vya kutelezea miguuni, wengine wamekwisha kuanguka, na watazamaji hawakosekani.

Bruegel hakuuchora ili utundikwe ukutani. Ulikuwa kielelezo cha mchongaji Frans Huys, aliyeuhamishia kwenye bamba la shaba ili nyumba ya uchapaji ya Hieronymus Cock, iliyoitwa Pepo Nne, iuze nakala zake. Mlengwa basi alikuwa mnunuzi wa kawaida mwenye fedha kidogo, na kwa mkazi wa Antwerp lango lile halikuhitaji maelezo.

Tena lilikuwa bado jipya. Mwaka 1542 jeshi la Maarten van Rossum liliushambulia mji, na katika miaka iliyofuata, chini ya utawala wa Kaisari Karl V, ukajengwa ukuta mpya wenye lango hilo na handaki pana. Gharama zake ziliutia mji katika madeni makubwa. Anayeona hapa burudani tu anausahau ukuta unaosimama nyuma ya wachezaji: handaki lililochimbwa kumzuia adui, kwa fedha za wenyeji, wenyeji wameligeuza uwanja wa michezo. Kama Bruegel alikusudia dhihaka, haijathibitika. Lakini kati ya mahali pote palipoganda, alichagua hapo.

Fasiri iliyozoeleka zaidi ni ya kimaadili: barafu ni maisha ya mwanadamu na utelezi wake. Msingi wake ni maandishi yaliyomo kwenye baadhi ya nakala za chapa, nayo hayakuwa ya Bruegel. Yaliongezwa katika toleo la karne ya 17, wakati Antwerp ilikuwa imekwisha kuangukia mikononi mwa Wahispania (1585), wafanyabiashara wengi wamehamia kaskazini, na njia ya meli ya mto Scheldt imefungwa. Onyo la kuteleza lilikuwa na uzito mwingine katika mji wa namna hiyo. Hata hivyo, haifai kulitupa lote, kwani mfano wa barafu na anguko ulifahamika hata enzi za mchoraji mwenyewe.

Wapo pia wanaoueleza mchoro huu kwa hali ya hewa, yaani karne za baridi kali barani Ulaya ziitwazo Enzi Ndogo ya Barafu. Hoja hiyo ina nguvu zaidi kwa *Wawindaji katika Theluji*, mchoro wa rangi ambao Bruegel aliutengeneza mwaka 1565, baridi ya kutisha ya 1564–65 ikiwa bado mbichi. Watelezaji waliitangulia baridi hiyo kwa miaka kadhaa.