Mazuku

Mazuku ni jina ambalo wakazi wa mwambao wa kaskazini wa Ziwa Kivu wameipa hewa nzito inayotoka ardhini na kutuama mabondeni, mashimoni na katika nyufa za mawe ya volkeno. Wenyewe huieleza kuwa upepo mbaya unaoua usiku. Mazuku yanajulikana zaidi upande wa Kongo, kati ya Goma na Sake, jirani kabisa na Gisenyi, mji wa Rwanda ulio wilayani Rubavu. Mlima Nyiragongo, uliolipuka mwaka 1977, 2002 na 2021, uko takriban kilomita 20 kaskazini mwa Goma na Gisenyi. Wanasayansi wa volkeno wa nchi nyingine nao wamelichukua neno hili kama lilivyo na kulitumia katika maandishi yao, heshima ambayo maneno machache ya Kiswahili yamepata.

Sumu yenyewe ni hewa ukaa, ambayo haina rangi na haimshtui mtu kwa harufu. Katika hewa ya kawaida ni karibu asilimia 0.04 tu, ndani ya mazuku huvuka asilimia 10, na kwingine imepimwa hadi kukaribia asilimia 90. Ikivutwa kwa wingi huitia damu asidi, mnyama huhema kwa kasi, na kuhema huko kunamwongezea sumu. Kwenye asilimia 10 kuzimia ni suala la dakika chache. Juu zaidi ya hapo, pumzi chache zinatosha.

Jambo la kwanza kuelewa kuhusu mazuku ni kimo. Hewa ukaa ni nzito mara moja na nusu kuliko hewa tunayovuta, kwa hiyo hukaa chini kama maji kwenye beseni, na kadiri unavyopanda ndivyo inavyopungua. Ndiyo maana palepale mtu mzima anapopita salama, mbwa wake anaanguka. Mbuzi huinamisha kichwa kula majani na kukiingiza kwenye sumu. Ng'ombe aliyesimama anaweza kunusurika, lakini akilala kucheua pua yake inashuka. Mtoto mdogo yuko kwenye kimo cha mwanakondoo, na mkubwa aliyeinama kuokota kuni au kumnyanyua mnyama wake aliyeanguka ameshuka kwenye kimo hichohicho. Hatari huzidi usiku na alfajiri, upepo unapotulia. Jua likipanda na upepo ukivuma, hewa hutawanyika.

Kwa daktari wa mifugo, kifo cha namna hii ni kigumu kuthibitisha. Mzoga ukipasuliwa hauonyeshi alama inayohusu hewa ukaa peke yake. Kuipima katika damu ya maiti nako hakusaidii sana, kwa kuwa huongezeka katika kila mwili baada ya kufa. Ushahidi uko mahali penyewe: bonde lilivyo, mizoga ya ndege na wadudu iliyotapakaa sehemu ya chini, na kipimo cha hewa kilichoshushwa hadi usawa wa majani.

Mwanasayansi Orlando Vaselli na wenzake walichapisha uchunguzi wao wa mazuku ya Nyiragongo mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mwaka 2010 Benoît Smets na wenzake walieleza jinsi yanavyotokea kwenye nyufa na miinamo ya mawe ya volkeno, hasa sehemu za chini karibu na ziwa.

Ziwa lenyewe limebeba shehena kubwa zaidi. Mbelgiji Hubert Damas aligundua gesi katika vilindi vyake katikati ya miaka ya 1930, na kuanzia mwaka 1963 metani iliyovutwa Rubona, karibu na Gisenyi, ilitumika katika kiwanda cha bia cha Bralirwa. Gesi zilizoyeyuka humo hukadiriwa kuwa kilomita za ujazo 300 za hewa ukaa na 60 za metani. Hofu kwamba gesi hizo zingeweza kufumuka ilikua baada ya Ziwa Nyos nchini Kamerun kufumuka tarehe 21 Agosti 1986 na kuua watu wapatao 1,700 pamoja na maelfu ya mifugo kwa hewa ukaa hiihii. Kuhusu Kivu, utafiti ulioongozwa na Fabian Bärenbold, uliochapishwa mwaka 2020, ulionyesha kwamba viwango vya gesi havipandi kama ilivyohofiwa. Ni habari njema, ingawa haiyahusu mazuku, ambayo hayangoji ziwa lifumuke.

Katika maeneo yanayojulikana kwa mazuku magharibi mwa Goma yamo Bulengo na Lac Vert. Kuanzia mwaka 2022 hadi mwanzoni mwa 2025 palijaa kambi za watu waliokimbia vita, familia nzima katika vibanda vya maturubai, nao na watoto wao walilala chini.