Jongoo na Mvinje: Tarehe ya Bustani ya Timbo la Bamburi

Msafiri atokaye kisiwani Mombasa kwa njia ya Malindi, akivuka daraja la Nyali na kupita Kongowea na Kengeleni, hana budi kuona upande wa Bamburi mabomba ya kiwanda cha saruji yakisimama juu ya minazi. Na lau hakuambiwa, hatadhani hata kidogo kwamba chini ya kivuli cha mabomba hayo, mwendo mfupi tu kutoka ufuoni, pana msitu wenye madimbwi ya maji, wenye twiga na viboko na mamba na kobe wa umri wa karne na zaidi, wala kwamba mahali ulipo msitu huo palikuwa, katika maisha ya watu ambao bado wangali hai, shimo la mawe matupu ambamo hata ukoka ulishindwa kuota. Bustani hiyo leo huitwa Haller Park. Kabla ya hapo iliitwa Bamburi Nature Trail, na kabla ya hapo haikuwa na jina lolote ila timbo.

Tarehe ya bustani hii husimuliwa aghalabu kwa kuanzia mwisho, yaani kwa hikaya ya mtoto wa kiboko aliyefanya urafiki na kobe mkongwe, hikaya iliyoenea duniani kote na ambayo nami nitaifikia kwa wakati wake. Lakini asili ya jambo lenyewe ni jiwe, na insafu yataka tuanze na jiwe.

Ardhi ya Nyali, Bamburi na Shanzu si ardhi kama ya bara. Ni bahari iliyokauka. Zamani za kale mno, ilipokuwa bahari imepanda juu kuliko ilivyo leo, matumbawe yalijijenga hapa kidogo kidogo, na bahari iliporudi nyuma yakabaki juu yakiwa maiti ya mawe, meupe na yenye matundu, yamejaa makoa ya viumbe waliokuwa hai. Watu wa pwani walilijua jiwe hili kabla ya kiwanda kwa karne nyingi. Walilichonga wakajengea misikiti na majumba, walilichoma tanuuni wakapata chokaa, na Wareno walipoanza kuijenga Ngome ya Mombasa mwaka 1593 hawakuleta jiwe jingine, walitumia lili hili. Kwa hiyo kiwanda cha saruji hakikuleta amali ngeni kabisa. Kilichukua kazi ya mchoma chokaa, kikaifanya kwa mashine, usiku na mchana, kwa kiasi ambacho mchoma chokaa hakupata kukiota.

Kampuni ya saruji ya Bamburi iliasisiwa mwaka 1951 na Felix Mandl, na kiwanda kikaanza kutoa saruji mwaka 1954, kikiwa na uwezo wa tani 140,000 kwa mwaka. Nyali ya siku hizo ilikuwa mahali pa mashamba ya makonge, na ya Freretown, kijiji kilichoanzishwa mwaka 1875 na wamisionari wa Kiingereza kwa ajili ya watu waliookolewa utumwani, ambacho kengele yake ndiyo iliyoacha jina la Kengeleni. Na mtu wa kisiwani aliyetaka kufika huko alipita juu ya daraja la kuelea lililowekwa mwaka 1931, ambalo halikupata mrithi wa saruji mpaka mwaka 1980. Kenya ilikuwa ikijenga. Bandari, barabara, mahoteli ya pwani, na majumba ya Nairobi yenyewe, vyote vilidai saruji, na kila mfuko wa saruji uliotoka Bamburi uliacha nyuma yake nafasi tupu ardhini. Matimbo yakapanuka. Udongo mchache uliokuwapo uliondolewa, na mawe yakakatwa kwenda chini mpaka karibu na maji ya chumvichumvi yaliyo chini ya ardhi, na hapo wachimbaji wakasimama, kwa sababu kupita hapo ni kuchimba ziwa. Yaliyobaki yalikuwa uwanda mweupe wa kumulika macho, ambao jua la adhuhuri liliugeuza kuwa kikaango.

Mwaka 1959 alifika Bamburi bwana mmoja Mswisi, René Haller, mtaalamu wa kilimo ambaye kabla ya hapo alikuwa Tanganyika katika shamba la kahawa. Hakuajiriwa ili afufue matimbo. Kazi yake ilikuwa bustani na mashamba ya kampuni, na chakula cha wafanyakazi. Miaka zaidi ya kumi ikapita, na mashimo yakazidi kukua mbele ya macho yake, mpaka karibu na mwaka 1971 ndipo ilipoanza juhudi ya kupanda miti ndani ya timbo lenyewe. Walijaribu aina 26 za miti. Walitoboa mawe, wakatia udongo kidogo katika kila tundu, wakapanda, wakangoja. Na baada ya kungoja wakahesabu, wakaona kwamba aina tatu tu ndizo zilizokubali kuishi: mnazi, mti mmoja wa asili ya nchi ya Wasomali ambao wataalamu huuita Conocarpus, na mvinje.

Mvinje haukuwa mgeni kwa mtu yeyote wa pwani. Ni mti wa ufuoni, husimama katika mchanga na upepo wa chumvi pale ambapo mti mwingine hufa, na sauti yake wakati wa kusi ni kama ya bahari ya pili iliyo hewani. Siri yake i mizizini: katika vinundu vidogo vya mizizi hiyo hukaa vijidudu viwezavyo kuchukua naitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mti, hata mvinje ukaweza kuishi mahali ambapo ardhi haina cha kutoa. Basi miti ikasimama, na kwa mtazamaji wa mbali ikaonekana kwamba kazi imekwisha.

Walakini kazi haikuwa imekwisha, kwa maana msitu si miti peke yake. Majani ya mvinje ni kama sindano, magumu, yenye uchungu wa dawa ya kutengenezea ngozi, na yalipoanguka juu ya jiwe hayakuoza. Yalilundikana tu, makavu, mwaka baada ya mwaka, na jiwe lililo chini yake likabaki jiwe. Hapakuwa na udongo, na pasipo udongo hapana mche wa pili utakaochipua wenyewe bila mkono wa mtu. Ndipo Haller alipomwona jongoo. Alikuwa jongoo yule tumjuaye sote, mwenye mwili mweusi unaong'aa na miguu myekundu, atokezaye kwa wingi mvua zinyeshapo. Naye alikuwa akila jani la mvinje bila dhiki yoyote. Jongoo wakakusanywa kwa mamia, wakaletwa timboni, wakaachwa wafanye amali yao. Walikula sindano zile, wakazisaga, na kinyesi chao kikawa chakula cha vijidudu wengine, na kutoka hapo ukapatikana udongo mweusi, wa kweli, wa kwanza katika timbo la Bamburi.

Kiswahili hakikumpa jongoo heshima kubwa. Sisi husema, atupaye jongoo hutupa na mti wake, na maana yake ni kwamba kibaya hutupwa pamoja na kila kilichokigusa. Sijui kisa kingine katika pwani yetu ambamo jongoo alitafutwa, akabebwa kwa uangalifu, na kuwekwa chini ya mti kwa matumaini. Mimi huona kwamba hapa ndipo ilipo fahari yote ya bustani hii, nami husikitika kila nionapo mgeni akipita juu ya udongo ule mbio mbio kwenda kumtazama mamba.

Baada ya udongo, mengine yalifuata kwa wepesi ambao kwa kweli haukuwa wepesi. Ndege walileta mbegu. Miti mingine ikapandwa kivulini mwa mvinje, na mivinje iliyokomaa ikakatwa ikawa nguzo na kuni, ikapisha miti ya aina nyingine. Madimbwini wakafugwa samaki wa jamii ya tilapia, na ufugaji huo wa Bamburi ukawa wa kupigiwa mfano katika vitabu vya wataalamu, mamba wakafugwa, pofu na choroa wakaletwa walishwe, si kwa ajili ya kutazamwa bali kwa ajili ya kujua kama wanyama wa porini waweza kuwa mifugo yenye faida. Jambo hili yafaa likumbukwe: mahali hapa palikuwa shamba kabla ya kuwa bustani, na kila kiumbe kililetwa kwa sababu kilikuwa na kazi. Katikati ya miaka ya 1980 ndipo milango ilipofunguliwa kwa watu wote, na mwaka 1987 Umoja wa Mataifa, kwa mkono wa shirika lake la mazingira, ukamtia Haller katika orodha ya heshima ya watu 500 wa dunia.

Kanada iko bustani ya jamaa moja na hii. Mwaka 1904 Jennie Butchart, ambaye mumewe alikuwa na kiwanda cha saruji karibu na mji wa Victoria, alianza kuupamba ukingo wa nyumba yake, na timbo la mumewe lilipokwisha mawe akaletewa udongo kwa magari ya farasi kutoka mashamba ya jirani, akalijaza maua. Kazi yake ni nzuri. Lakini udongo wake uliletwa, na wa Bamburi ulizaliwa papo hapo, nao waliouzaa walikuwa jongoo, na watu waliotoboa mawe kwa mitaimbo juani, ambao vitabu havikuyaandika majina yao. Haller alistahili kila sifa aliyopewa, nami siipunguzi hata moja. Nasema tu kwamba katika nyumba za Kisauni na Mtopanga wamo wazee ambao mikono yao ilipanda mivinje ile, na tarehe ya bustani haitatimia mpaka wao nao waulizwe, na majibu yao yaandikwe.

Sasa na tuifikie hikaya. Desemba 2004 mto Sabaki ulikuwa umewachukua viboko kadhaa kutoka bara ukawatoa baharini karibu na Malindi, na tarehe 26 ya mwezi huo mawimbi ya tsunami yalipofika pwani yetu, mtoto mmoja wa kiboko alibaki peke yake juu ya mwamba, hana mama wala kundi. Watu wa Malindi wakishirikiana na askari wa wanyama wakamnasa kwa nyavu kwa taabu kubwa, na siku ya pili akaletwa Bamburi, akaitwa Owen. Alipofunguliwa alikimbilia nyuma ya kobe mmoja wa Aldabra, aliyekisiwa kuwa na umri wa miaka 130, aitwaye Mzee, na huko akajisitiri. Mzee alimkataa kwanza, kisha akamstahamilia, kisha wakawa wanakula pamoja na kulala pamoja. Paula Kahumbu, aliyekuwa msimamizi wa bustani wakati ule, alishiriki kuandika kitabu juu yao, na watoto wa nchi nyingi wakalijua jina la Mombasa kwa ajili ya wanyama wawili hawa. Mwaka 2007 Owen alihamishiwa kwa kiboko mwenziwe wa kike, apate kujifunza kuwa kiboko.

Mwaka huo huo wa 2004 iliasisiwa Uingereza taasisi yenye jina la Haller, ambayo kazi yake ni kuwafundisha wakulima wadogo wa nje ya Mombasa yale yale yaliyofunzwa na timbo: kutega maji ya mvua, kuutengeneza udongo kwa takataka za shambani, kufuga samaki katika bwawa dogo. Shule nazo huleta wanafunzi wao bustanini kutwa. Huo ndio upande wa jamii, na kwa rai yangu una uzito kuliko wa utalii, ingawa utalii ndio ulipao sehemu ya gharama, na ingawa kiingilio cha mlangoni kwa familia ya watu sita wa Kisauni si kitu chepesi.

Nami siwezi kuandika juu ya jiwe la Bamburi nikalisahau ndugu yake lililo hai. Mbele ya fuo za Nyali na Bamburi, matumbawe yale yale bado yanajijenga chini ya maji, na mwaka 1986 serikali iliyatia katika hifadhi ya bahari ya Mombasa, ambayo kiini chake, kilicho karibu kilomita za mraba 10, kikafungwa kwa uvuvi wote. Wavuvi walioishi kwa maji hayo walilipa thamani ya hifadhi kabla ya mtu mwingine yeyote. Samaki walirudi, kisha mwaka 1998 bahari ikapata joto lisilo la kawaida, na sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya ikapauka na kufa. Timbo hufufuliwa kwa mtaimbo na jongoo, ilhali joto la bahari halizuiwi kwa mikono ya watu wa Nyali peke yao.

Kisiwani, ng'ambo ya Likoni, serikali imejenga bustani ya namna nyingine kwa Mama Ngina, mbele ya mlango wa Kilindini, nayo ilifunguliwa sikukuu ya Mashujaa, tarehe 20 Oktoba 2019. Huko, penye mibuyu ya kale, watu huingia kupunga upepo na kutazama meli zikipita, na mji ulikuwa na haja ya mahali hapo. Tofauti yake na Bamburi ni nani aliye mwenye mali. Bamburi ni ya kiwanda. Kiwanda chenyewe kilipita mikononi mwa Lafarge ya Ufaransa tangu mwaka 1989, na mwaka 2024 kikanunuliwa na Amsons Group ya Tanzania, na kila mkono mpya huirithi pamoja na mitambo bustani isiyotoa saruji hata mfuko mmoja, ila inadai kila siku majani ya twiga, dawa za wanyama, mishahara ya watunzaji, na pampu za maji zisizolala.

Niliingia huko siku moja baada ya mvua za masika, nikawakuta wanafunzi wa shule ya msingi wamesimama katika njia ya chini ya mivinje, kwa sababu kiongozi wao amewainulia mkono. Jongoo alikuwa akivuka. Baadhi ya watoto walirudi nyuma kwa kinyaa; mmoja, msichana mdogo mwenye viatu vilivyojaa matope, aliokota kijiti, akamwacha jongoo apande juu yake, akambeba hatua tatu mpaka upande wa pili, akamlaza taratibu juu ya majani, na kijiti akakiacha palepale, kando yake.